Uzoefu wangu na mitihani ya leseni ya Gran Turismo 4: usiiruke, ndo gemu yenyewe

Watu wengi nnaowajua waliocheza Gran Turismo 4 (GT4), gemu ya mbio za magari ya PlayStation 2 (PS2), hawaipendi kabisa sehemu ya leseni. Mtu anaweka diski, anataka anunue gari aingie kwenye mbio, gemu inamwambia hapana, mbio hizi zinataka leseni, nenda kaichukue kwanza, basi anakunja sura, anafanya mitihani harakaharaka apate shaba tu ilimradi apite, afu harudi tena kule mpaka PS2 inakufa. Mi nasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hiyo sehemu ndo gemu yenyewe, na mtu aliyeikimbia amecheza nusu tu.

Kwa ambao hawaijui, GT4 ni kazi ya Polyphony Digital ya Japani, bosi wao anaitwa Kazunori Yamauchi, ilitoka kwao Japani Desemba 2004 na sehemu zingine ikafika 2005. Ina magari zaidi ya 700. Leseni zipo tano, B, A, IB, IA na S, kila moja ina mitihani 16, kwahiyo jumla 80, na katikati wanakupa mapumziko ya kahawa ambapo unaangusha koni zote kabla muda haujaisha (tamu sana ile, unacheza huku mkono umetulia). Kila mtihani una muda wa shaba, wa fedha na wa dhahabu, na vinahesabiwa mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Ukimaliza leseni nzima unapewa gari, na ukiimaliza yote kwa dhahabu unapewa gari la maana zaidi.

Mtihani wa kwanza ukiusikia unaweza ukaudharau. Uko kwenye barabara iliyonyooka, ondoka, ongeza mwendo, simama ndani ya eneo walilolichora, basi. Hamna kona. Sasa jaribu kuupata dhahabu ndo utajua. Ukikamata breki mapema unasimama vizuri ila muda umekwisha, ukichelewa kidogo tu unapitiliza eneo, umefeli. Ile sehemu ya katikati ni nyembamba sana na ndo unapojifunza kitu ambacho shule nyingi za udereva hazikifundishi, kwamba breki ina kiasi, sio kukanyaga au kutokukanyaga. Na hapa niseme kuhusu pedi ya PS2, wengi hawajui hili: vitufe vyake vinasikia nguvu ya kidole. Kitufe cha mraba ukikigusa taratibu gari inapunguza taratibu, ukikikandamiza inashika breki yote, na X ya mafuta hivyohivyo. Kukipima kitufe kidogo namna ile kwa kidole gumba ni kazi, kwahiyo mi nahamishia mafuta na breki kwenye stiki ya kulia, juu mafuta, chini breki, unapata nafasi kubwa zaidi ya kupima, na mitihani ya kona inabadilika kabisa. Pedi za kuiga zinazouzwa bei rahisi nyingi hazina kitu hicho, kitufe kinasoma zote au hamna, kwahiyo tafuta orijino hata kama imechoka rangi.

Baada ya hapo zinakuja kona. Kona moja tu. Wanakuanzishia mita kadhaa kabla, unaingia, unatoka, mstari wa mwisho uko palepale. Uzuri wake ni kwamba umetolewa kila kitu kingine, hamna wapinzani, hamna mizunguko mitatu ya kwenda kurudi mpaka uifikie tena ile kona iliyokushinda, ni wewe na kona na sekunde chache, ukimaliza unarudia. Unaanza kuona vitu. Unaona kwamba sehemu ya kuanza kushika breki sio "karibu na kona", ni pale kwenye bango fulani au pale kivuli cha mti kinapoanza, na ukisogeza hapo mahali kwa urefu wa gari moja tu, muda wako unabadilika. Unaona kwamba ukiingia na mwendo mkubwa unajiona mkali lakini ukitoka gari linasukuma pua nje, unasubiri, unasubiri, huwezi kukanyaga mafuta, na mtu aliyeingia taratibu kuliko wewe ameshakanyaga zamani na anakupita kwenye mnyooko. Nishawaelezea watu hili kwa mdomo wakakataa, nikawaweka kwenye mtihani wa kona ya leseni B, wakaliona wenyewe kwenye saa.

Sababu yake ni uzito. Ukishika breki uzito wa gari unahamia mbele, tairi za mbele zinakandamizwa chini, zinashika lami vizuri, ndo maana gari linakata kona vizuri ukiwa umeshika breki kidogo mwanzoni mwa kona. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, mbele panakuwa pepesi, usukani unapoteza nguvu. Tairi ina uwezo wake, ukiutumia wote kwenye breki hamna unaobaki wa kukata kona. Kwahiyo dereva mzuri anaachia breki taratibu kadri anavyoongeza usukani, anabadilishana. Gemu haikuwekei darasa refu la hili, inakupa maelezo mafupi kwa Kiingereza kabla ya mtihani (yasomeni jamani, mi nawatafsiria wadogo zangu na muda wao unapungua palepale) afu inakuachia saa ikufundishe.

Kingine kinachonikuna ni magari yenyewe. Huku kwetu barabara zimejaa gari za Japani zilizotumika, na kwenye GT4 unazikuta. Vitz RS ipo. Demio ipo. Altezza RS200 ipo, Impreza zipo za kumwaga. Ukiendesha Vitz kwenye kona unaielewa tabia ya gari inayovutwa na tairi za mbele, ukizidisha mafuta katikati ya kona inakwenda moja kwa moja nje, dawa yake ni kupunguza mafuta mpaka pua irudi. Ukiingia kwenye Altezza ni kinyume, inasukumwa na tairi za nyuma, ukizidisha mafuta mkia ndo unatoka, na kama mikono imelala gari inageuka inaangalia ilikotoka. Vijana wengi wa mtaani wanaotamani Altezza hawajawahi kuambiwa hiyo tofauti na wanakuja kuijua barabarani siku ya mvua. Mi naona bora waijue kwenye sofa.

Namna ya kupata dhahabu, kwa nilivyofanya mimi. Kabla hujagusa chochote angalia video ya mfano, kila mtihani unayo, gemu inakuonyesha gari likipita inavyotakiwa. Usiangalie gari zima, angalia vitu viwili tu, taa za breki zinawaka wapi na gari linagusa ukingo wa ndani wa kona wapi. Afu pita mara ya kwanza taratibu makusudi, bila kujali muda, upate mstari tu. Muda unakuja wenyewe. Chagua gia za kubadilisha mwenyewe, maana ile ya kujibadilisha inapandisha gia katikati ya kona pale ambapo huitaki kabisa. Na ukiona unarudia unazidi kuwa mbovu, zima, kalale. Vidole vinajifunza ukiwa umelala, nimeliona hili kwangu, mtihani uliogoma usiku kucha asubuhi unapita kabla chai haijapoa.

Sasa malalamiko, maana sio kila kitu ni asali. Umbali kati ya fedha na dhahabu kwenye baadhi ya mitihani haueleweki. Unakuta mmoja unapata dhahabu kirahisi, unaofuata ambao unaonekana mwepesi zaidi unakutesa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hamna kitu kinachokuambia umepoteza wapi. Kingetakiwa kuwe na maelezo baada ya kufeli, hata sentensi moja tu, breki umechelewa, au mafuta umewahi. Afu ipo ile mitihani ambayo gari la kiongozi liko mbele yako unalifuata linapopita. Wazo lake zuri sana, mgeni anajifunza mstari kwa kumfuata anayeujua, lakini kwa mtu ambaye ameshauelewa mzunguko ni kama kufungwa nyuma ya lori la mchanga kwenye kilima.

Kingine ni kwamba iliyotangulia, GT3 ya 2001, ilikuwa na leseni yake ya R kwa ajili ya rali, kwenye GT4 wakaitoa. Hiyo imeniuma kweli. Sisi watu wa Afrika Mashariki vumbi ndo kwetu, Safari Rally ya Kenya tumeisikia tangu wadogo, Celica ya Toyota ilishinda kule kuanzia 1992 mpaka 1995 mfululizo, na gari lenyewe la rali liko ndani ya gemu. Kuendesha kwenye vumbi ni elimu nyingine kabisa, breki unashika mapema zaidi, gari unaliweka ubavu kabla ya kona, walistahili kuliachia leseni yake.

Leseni ya S ndo kilele. Huko kona moja moja zimekwisha, wanakupa mizunguko mizima kwenye magari yenye nguvu, na muda wa dhahabu hauna huruma. Ule wa Nürburgring Nordschleife, barabara ya mbio ya Ujerumani, ndo mtihani ninaoupenda kuliko yote, ni zaidi ya kilomita 20 na kona zaidi ya 70, unapanda unashuka msituni, sehemu zingine gari linanyanyuka tairi zinaachia lami, na ukigusa ukuta karibu na mwisho unaanza upya kutoka mwanzo. Kuna kona pale inaitwa Karussell, ina zege iliyoinama upande wa ndani kama bakuli, tairi za kushoto inabidi uzidumbukize mle ndani makusudi, gari linatetemeka lote lakini ile bakuli inalikatisha kona yenyewe, ukibaki juu kwenye lami umepoteza muda mwingi sana. Ukifika S ndo unaelewa kwanini B ilikuwa inakulazimisha kona moja moja, kwasababu Nordschleife ni zile kona zote zimeunganishwa, mkono ushazijua, kichwa kinabaki na kazi ya kukumbuka tu inayofuata ni ipi.

Watu wananiuliza, je inasaidia kwenye udereva wa kweli? Inasaidia kwa kitu kimoja, kujua gari linafanya nini uzito ukihama. Huko duniani imethibitika, Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy mwaka 2008, wakachukua wachezaji wa Gran Turismo wakawafundisha magari ya kweli, Lucas Ordóñez wa Hispania ndo alishinda ya kwanza, Jann Mardenborough wa Uingereza akashinda 2011, na wote wawili wakaja kukimbia mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa. Lakini haina bodaboda. Haina mtoto anayekimbilia mpira, haina daladala inayosimama ghafla, haina shimo. Ukipata dhahabu zote 80 bado hujui kuvuka makutano ya Dar saa kumi na moja jioni, kwahiyo daraja D lako nenda kalisomee shuleni kama watu wengine, na mwendo uache kwenye TV.

Nimecheza pia Gran Turismo 7, ile ya 2022, kwa jamaa yangu mwenye PS5. Ilipotoka leseni zilikuwa bado tano, mitihani kumi kumi, jumla 50. Pedi yake ni raha, kitufe cha breki kinakuwa kigumu chini ya kidole na tairi zikitaka kujifunga unazihisi, kwahiyo kupima breki ni rahisi kuliko kwenye PS2, na kurudia mtihani ni papo hapo bila kusubiri. Kwa mgeni kabisa mwenye uwezo ningemwambia aanze na hiyo. Shida ni kwamba inataka intaneti muda wote ili kuhifadhi maendeleo yako, na kuipakua ni zaidi ya GB 100, ukipiga hesabu ya bando utakaa chini. GT4 inataka diski, memori kadi ya MB 8, na umeme.

Kwahiyo kama una PS2 kabatini au unaiona dukani kwa mtu, chukua na GT4. Ukikagua diski igeuze uangalie mikwaruzo, waambie wakuwekee uone mpaka ndani ya leseni, sio menyu ya mwanzo tu. Memori kadi nunua mbili, kila baada ya leseni kopi kwenda ya pili. Afu usinunue gari lolote kwanza, pesa wanayokuanzishia iache palepale, ingia leseni B moja kwa moja, maliza yote kumi na sita kwa fedha angalau, chukua gari la zawadi, ndo uingie kwenye mbio. Utawakuta wapinzani wanashika breki mapema kuliko wewe kwenye kila kona.