Hedifoni tatu za studio, simu ikiwa mfukoni

Hedifoni kubwa za kufunika sikio zima nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya studio, si kwa daladala. Anayetaka kutembea nazo atazame waya kwanza, kisha omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ndipo aulize zinalia vipi.

Kwa sauti tupu, Sony MDR-7506 inaongoza. Ipo sokoni tangu 1991, ina gramu 230 bila waya, na kwa omu zake 63 simu ya kawaida inaisukuma bila shida. Maneno ya mwimbaji yanasikika moja moja, hata pumzi. Sauti za juu ni kali, kwa hiyo rekodi mbovu itakuchosha mapema. Kinachoiangusha ni waya wa msokoto, unaofika mita 3 ukivutwa, tena hauchomoki. Ukitembea, uzito wa msokoto ule unavuta kikombe cha kushoto. Ukikatika, mpelekee fundi redio.

Mito yake nayo hubambuka maganda meusi yanayonata masikioni, na jasho huharakisha. Kuibadilisha hakuhitaji bisibisi. Vuta wa zamani utoke, ingiza pindo la mpya kwenye mfereji wa kikombe, kisha lisukume kwa ukucha ukizunguka hadi ulipoanzia. Usilivute kwa pupa, litachanika.

Audio-Technica ATH-M50x ni nzito zaidi, gramu 285, lakini ndiyo ya kusafiri nayo. Inakunjwa, ina omu 38, na kati ya nyaya tatu za ndani ya boksi mmoja ni wa mita 1.2. Unachomeka kwenye kikombe, unazungusha kidogo, unajifunga. Pini ya upande huo ni ya milimita 2.5 yenye kufuli, basi usiokote waya wowote dukani: wenye pini ya shingo nene hauingii. Besi yake imezidi kidogo, na barabarani hiyo ni faida, maana ngurumo ya injini humeza besi kwanza.

Beyerdynamic DT 770 Pro ndiyo starehe ya kichwa, ila haikunjwi. Ipo ya omu 32, 80 na 250, na hapa ndipo watu hukosea wakidhani namba kubwa ndiyo bora. Adapta ya USB-C ya kuunganishia hedifoni na simu, yenye volti 1, huipa ya 250 nguvu ya miliwati 4 tu. Ya 32 hupata kama 31. Kwa simu chukua ya 32, yenye waya wa mita 1.6. Ya 80 ina mita 3 za kukufunga miguu.

Kwa zote tatu, miwani yenye mikono minene huinua mto, hewa ikapenya, besi ikapotea. Kabla ya kuirudisha dukani, bana vikombe kwa viganja. Besi ikirudi, hedifoni ni nzima.