Bakuli la Kijani: Rangi Imekubali, Umbo Limekataa

Katika duka moja la vyombo mjini Kisumu nilinunua, kwa shilingi 2,800, bakuli la kijani lenye kikaratasi kilichosema kuwa limeigiza kazi ya Longquan. Huo ni mji wa mkoa wa Zhejiang nchini China, ambao majoko yake yalisifika hasa wakati wa utawala wa Song ya Kusini, kati ya 1127 na 1279. Vyombo vyake vilifika hadi pwani yetu, na vigae vyake vimefukuliwa katika magofu ya mji wa kale wa Gedi. Nimewahi kusimama muda mrefu mbele ya kauri za Kichina katika makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, na kwa macho hayo ndiyo nimelipima bakuli hili, ingawa pengine ni kumwonea fundi wa leo.

Rangi imenishangaza kwa uzuri. Kijani hiki hutokana na chuma kidogo kilichomo katika utando wa kioo unaofunika udongo, nacho hutokea pale tu joko linaponyimwa hewa huku joto likipita nyuzi 1,200 za selsiasi. Hewa ikizidi, rangi huelekea manjano au kahawia. Nililiinamisha dirishani asubuhi nikaona mwanga ukizama kwanza ndani ya utando, penye viputo vidogo mno, ndipo ukarejea ukiwa umepoa.

Umbo ndilo lililoniudhi. Mafundi wa Longquan walichonga petali za yungiyungi upande wa nje wa bakuli, kila petali ikiwa na mgongo katikati, ili utando uwe mwembamba juu ya mgongo hata weupe wa udongo uchungulie, kisha ujikusanye kwenye mifereji na kukoza. Petali za bakuli langu zimepigwa kwa kalibu, bapa kama muhuri wa ofisi, na utando umelala sawasawa kila mahali kwa kukosa pa kutuama. Kitako nacho ni kizito kupita kiasi. Ukingo wa kitako hicho, ambao kwenye vyombo vya asili huachwa bila utando ukaiva wekundu wa kutu jokoni, hapa umepakwa rangi tu, nayo ilibanduka nilipoikwangua kwa ukucha.

Mama, ambaye maisha yake yote amekunywa maji ya dapi, yaani mtungi wa udongo wa Kijaluo, aliligonga kwa kidole akasema halipumui. Hakukosea, kwani dapi hupoza maji kwa kuyaacha yapenye udongo na kukauka nje kidogo kidogo, ilhali utando huu umeziba kila tundu. Faida yake niliiona baada ya mchuzi wa samaki: nililiosha mara moja, na harufu haikubaki.

Nikirudi dukani nitachukua lile dogo lisilo na petali, lililokuwa rafu ya chini kwa shilingi 1,500, kwa sababu pale utando umeachiwa ubavu mtupu wa bakuli.