Gia za taimingi zinalika tena: ubadilishe moja au utafute chanzo?

Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa 1964, bado linalima mashamba mengi kwetu. Injini yake ya Perkins ya silinda 3 ikianza kulia kwa mbele na gia za taimingi, zile zinazofanya valvu na pampu ya dizeli zifanye kazi kwa wakati wake, kulika upya, mwenye trekta ana njia mbili.

Ya kwanza ni kubadilisha gia iliyolika tu. Ni nafuu, na msimu wa kulima haumsubiri mtu. Lakini meno mapya yatasagana na ya zamani yaliyokwisha kubadilika umbo, kwa hiyo mlio hurudi mapema. Naikubali pale tu jino limevunjika kwa ajali na gia nyingine ni nzima.

Ya pili ni kufungua kava la mbele na kutafuta chanzo kabla ya kununua spea. Tazama meno kwenye mwanga mzuri. Yakilika upande mmoja, gia haijakaa sawa. Ishike gia ya kati uitikise kwa mkono, na ikicheza, gia mpya haitadumu hapo. Ukiona vishimo vidogo vidogo usoni mwa meno, shuku oili: ni chafu, nyepesi mno au haifiki. Pima presha yake injini ikiwa ya moto. Pampu ya dizeli nayo izungushe. Ikikwama, inailemea gia yake. Baada ya hapo ndipo ufunge seti nzima, ukioanisha alama za taimingi zilizo kwenye gia.

Kwa trekta linalorudi gereji na tatizo lilelile, nachagua ya pili, hata kama seti itasubiri mauzo ya mahindi.