Antena ya ripita ya mtumba iliyorekebishwa kwa 145 MHz: uzoefu wangu

Nilinunua antena iliyotumika kwa ajili ya ripita yetu, yaani kituo cha kilimani kinachopokea sauti za redio ndogo na kuzirusha tena mbali zaidi. Nianze na yale mnunuzi anayotaka kuyajua: antena nzuri, fundi mzuri, kebo zilizokuja nayo za kutupa. Ukinunua ya namna hii, hesabu bei ya kebo mpya tangu unapopatana na muuzaji.

Ni antena ya VHF (masafa ya MHz 30 hadi 300) ya dipoli nne zilizokunjwa, yaani mabomba yaliyopindwa kuwa vitanzi virefu vyembamba, kwenye mlingoti wa aluminiamu wa zaidi ya mita sita. Ilikuwa ya kampuni ya ulinzi iliyoacha redio na kuhamia kwenye simu. Kibandiko kinasema 150 hadi 160 MHz. Sisi wa redio za ridhaa, tunaorusha kwa kujifurahisha, huku Kanda ya 1 (mgao wa masafa wa Afrika na Ulaya), uwanja wetu ni 144 hadi 146, na ripita yetu inarusha 145.700 na kupokea 145.100. Ilivyokuja, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) kwenye masafa hayo ilikuwa imepita 2. Hilo halikunishtua, kwa sababu antena ilitengenezwa kwa kazi nyingine.

Kuna watakaouliza kwa nini nisinunue ile nyembamba ya faiba, mpya kabisa, ya kufunga na kusahau. Tulikuwa nayo. Ndani ya faiba kuna waya na viungo vya solda, na kilimani kwetu radi haina msamaha. Dipoli iliyokunjwa ni chuma mwanzo hadi mwisho, imeungana na mlingoti, na mlingoti umeungana na ardhi. Radi ikipiga karibu, umeme unapata njia ya kushuka.

Kazi ya kurefusha niliipeleka kwa fundi wa Arusha anayechomelea aluminiamu kwa gesi ya argoni, mtu anayejulikana zaidi kwa kuziba rejeta za malori. Hesabu yenyewe si ngumu: gawa 143 kwa MHz, unapata nusu wimbi kwa mita. Kwa 155 ni sentimita 92, kwa 145 inakaribia 99. Kwa hiyo kila ncha ya dipoli inadai sentimita tatu na kidogo zaidi. Fundi alikata karibu na mikunjo, akaingiza vipande vya bomba dogo linalokaza ndani ya lile kubwa, tukavibana kwanza kwa klipu za paipu ili tuweze kuvivuta na kuvirudisha wakati wa kupima.

Tulipomaliza kupima akaniambia, “Bosi, hapa tupige ribiti, tumalize leo.” Nikakataa, nikamweleza sababu, naye akaelewa haraka kuliko wataalamu wengine niliowahi kubishana nao. Kiungo cha ribiti kinashika leo, kesho unyevu unaingia katikati ya bati mbili, na kwa ripita hilo ni janga nitakalolieleza hapa chini. Akachomelea vyote. Kabla ya kuwasha moto alivuta kebo iliyopita ndani ya mkono wa kila dipoli, kwa sababu joto lingeyeyusha plastiki yake. Sikumwambia, alijiongeza mwenyewe. Kwa hilo namsifu.

Upimaji tuliufanyia uwanjani, mlingoti ukiwa juu ya vigogo vya mbao. Chini ya paa la bati la karakana namba zilikuwa zinacheza kila mtu anapopita. Nilitumia NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, na niliisawazisha mwishoni mwa kebo ya kupimia, si kwenye mdomo wa kifaa. Kioo chake juani ni shida, beba kofia ya kukifunika.

Sasa kebo. Nilipochana mpira wa kiungo cha kati, nyavu ya shaba ilikuwa kijani, na sentimita kadhaa ndani zaidi ikawa unga mweusi unaobaki vidoleni. Maji yalikuwa yametembea ndani ya ganda kwa miaka. Kebo ya hivyo hudanganya: inameza nguvu ikienda na ikirudi, na mita ya chini inakuonyesha SWR ya kupendeza. Kebo inayopoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, haiwezi kukuonyesha SWR zaidi ya 3 hata kama huko juu hakuna antena kabisa.

Nikasuka upya kwa kebo ya omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani; redio yetu inataka 50), na hapa kuna hesabu ninayoipenda. Kipande cha kebo ya omu 75 chenye urefu wa robo wimbi kinageuza omu 50 za dipoli kuwa 112.5. Unganisha mbili, unapata 56 na kidogo. Pitisha tena kwenye robo ya omu 75, inakuwa 100. Unganisha mbili hizo, umerudi 50 kamili. Robo moja kwenye RG-11 ya plastiki ngumu, ndiyo kebo yetu ya omu 75, ni sentimita 34, fupi mno kufika popote, kwa hiyo tulitumia urefu unaofanya kazi ile ile: robo tatu, sentimita 102, kutoka kwenye dipoli, na robo tano, sentimita 170, kwenda katikati. Jozi zote lazima ziwe na urefu sawa.

Usishawishike na kebo ya ving'amuzi kwa kuwa nayo ni omu 75 na iko kila duka. Nyavu yake ni aluminiamu, haishiki solda, na povu lake linabadilisha urefu wote niliotaja. Kufunga viungo, anza chini ukipanda ili tepu ipandane kama vigae, na ile silikoni inayonuka siki iache kabisa, inakula shaba.

SWR ya mwisho ilikuwa chini ya 1.3 kutoka 145.1 hadi 145.7. Wengi wangeishia hapo. Lakini ripita inarusha wati 40 huku inasikiliza mnong'ono kilohezi 600 tu pembeni, kwenye antena hiyo hiyo. Kiungo chochote chenye kutu au kilicholegea kinageuza nguvu hiyo kuwa mikwaruzo inayomzima mtu wa mbali, na mita ya SWR haitakuambia neno. Tukamweka mwenzetu mwenye redio ya mkononi mahali pa mbali, ripita ikiwa hewani, nikagonga kila sehemu ya antena kwa fimbo ya mti. Dipoli zote kimya. Mkwaruzo ulitoka kwenye boliti moja ya zamani ya kushikia mkono wa tatu. Tukaweka boliti zote za chuma cha pua, mikwaruzo ikaisha.

Fundi nampa nyota tano. Antena naipa nyota nne, nimekata moja kwa sababu ya uzito: kuipandisha mnarani kunataka watu, kamba na siku isiyo na upepo. Gharama yote, pamoja na RG-11 iliyoagizwa Dar, haikufika nusu ya bei ya mpya ya aina hiyo.

Ukiuziwa yenye kibandiko cha 164 hadi 174, hata kama ni bei ya bure, iache. Kuirefusha kwa zaidi ya asilimia 16 kunavuruga pia nafasi kati ya dipoli na umbali wake na mlingoti, na utakuwa unatengeneza antena mpya kwa vyuma vya zamani.