Grisi ya swingamu na linki: ipi ununue, ipi uiache hukohuko dukani

Mwezi wa tano nilipeleka pikipiki yangu, XR, kwa fundi maana nyuma ilikuwa inalia ngrii ngrii kila nikipita tuta. Akagonga pini ya linki (vile vyuma vinavyounganisha shokapu ya nyuma na swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma) ikatoka na uji. Sio grisi, uji kabisa, kama wa ulezi uliolala, na visindano vya beringi, vile vyuma vyembamba vya ndani, vimeota kutu, vitatu vimekatika. Na grisi nilipaka Januari! Kopo la bluu, jipya, muuzaji kaniapia "dada hii inastahimili digrii 260".

Hapo ndo tunapopigwa. Digrii 260 za nini jamani? Swingamu haizunguki kama tairi, inapanda inashuka kidogo tu, joto litoke wapi? Adui wa huko nyuma ni maji na tope, tena maji ya presha pale tunapooshea, kijana anaelekeza mpira kwenye sili, ile raba inayofunga beringi, hapohapo kwa sababu ndo penye tope jingi. Kwa hiyo mimi joto siulizi, rangi siulizi (rangi wanatia tu kiwandani), nauliza kitu kimoja, ikipigwa maji inabaki au inaondoka? Kipimo kipo, kinaitwa ASTM D1264, beringi yenye grisi inazungushwa huku inamwagiwa maji ya moto halafu wanapima asilimia ngapi imeoshwa. Ikiwa ndogo ndo nzuri. Kama hupati karatasi ya data weka grisi kidogo kiganjani, tia maji, sugua. Ikigeuka maziwa iache.

Namba moja, na sijifichi, ni Ceran XM 220 ya TotalEnergies (zamani Total). Kinachoigandisha ni kalsiamu sulfoneti, nimeisugua na maji mpaka kiganja kikawaka moto na bado inanata. Sijalipwa na mtu, nimetoa hela yangu na iliniuma, ila katriji ya gramu 400 kwa linki moja utakaa nayo miaka.

Namba mbili Shell Gadus S3 V220C, ile nyekundu, hii imegandishwa kwa sabuni ya lithiamu kompleksi. Nzuri tu na kuipata sio kazi, ila kama unavuka mito kama mimi usisubiri mwaka kufungua.

Grisi nyeusi ya moli (unga mweusi wa molibdenamu) mafundi wanaipenda sana, na kweli moli inasaidia chuma kinapokandamizana, ila moli sio inayozuia maji, kinachozuia ni sabuni iliyotengenezea hiyo grisi, yaani kile kinachoigandisha, kwa hiyo nyeusi peke yake haikuambii kitu.

Ya kupimiwa kwa kijiko kwenye mfuko, hapana.

Ukishanunua usipake juu ya ya zamani, ioshe yote kwanza kwa mafuta ya taa, kausha, na hesabu visindano kabla havijamwagika. Kama swingamu yako ina bushi za raba zilizoshikana na chuma basi usipake kabisa, grisi inakula raba.

Lile kopo la bluu nilimrudishia yule muuzaji. Akaniuliza "kwani dada wewe ni fundi?" halafu eti nilipaka nyingi mno. Hela hakurudisha, na wiki iliyopita nimepita nimeyaona makopo yaleyale yamepangwa shelfu ya mbele, bei imepanda.