Mafunzo ya Uimbaji wa Klasiki kwa Wanakwaya wa Mbeya

Mwalimu anayefundisha uimbaji wa klasiki katika chumba cha kupanga eneo la Uhindini, jijini Mbeya, haanzi na nyimbo. Anaanza na pumzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo ada yake inapostahili kulipwa. Mwanafunzi huweka viganja mbavuni, huvuta hewa bila kupandisha mabega, kisha huitoa polepole kwa mlio wa "sss" huku akizuia mbavu zisiporomoke mapema, ili kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kipande juu taratibu na nyuzi za sauti zisisukumwe kwa nguvu. Sisi tuliokulia kwenye kwaya tumezoea kukaza koo ili tusikike juu ya kinanda na spika, na zoezi hili huiondoa tabia hiyo kuliko maonyo yoyote.

Irabu hufuata, na hapa Mswahili ana bahati: irabu zetu tano ni thabiti, hazitelezitelezi, jambo ambalo Waingereza hulitolea jasho wanapoimba kwa Kiitaliano.

Kasoro hazikosekani. Mwalimu hutumia nota za mistari pekee, yaani alama zinazoandikwa kwenye mistari mitano, ilhali wanakwaya wengi wa huku wamezoea do-re-mi, mfumo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Angetenga angalau kipindi kimoja cha kuwavusha. Darasa la Jumamosi hujaa mno. Mwezi Juni na Julai, baridi ya asubuhi huchelewesha koo kulegea, basi afadhali kuomba kipindi cha mchana.