TAHADHARI: Anayekusajili upate "pesa za wasanii" kwa shilingi 950 ni mwizi

Wasanii wenzangu wa Mombasa, Kwale, Kilifi mpaka Lamu, na yeyote aliye na ndugu anayekula kwa kuimba, kupiga chombo, kucheza ngoma au kubeba maspika: someni hili kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anapiga simu akisema anasajili wasanii ili wapate fedha za msaada wa Corona kutoka serikalini. Anataka shilingi 950, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipa kodi. Mimi nilimpa vyote vitatu mwezi wa Juni. Leo ni Agosti 2020 na niliowafikia waliotapeliwa na mtu huyu huyu ni kumi na wanne, wala sidhani tumefika nusu.

Naanza na ukweli anaoutumia, kwa sababu ndio uliotunasa. Pesa zilitangazwa kweli. Mwezi wa Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliagiza Wizara ya Michezo, Utamaduni na Turathi itoe shilingi milioni 100 kutoka Hazina ya Michezo kwa ajili ya wanamuziki, waigizaji na wasanii wengine wakati huu wa janga. Alisema ni ili tuendelee kuwaburudisha wananchi kupitia televisheni, redio na intaneti. Maneno hayo ya mwisho hayakuenea. Yaliyoenea kwenye simu zetu ni "milioni mia za wasanii", basi. Kwa hivyo mtu akikupigia miezi miwili baadaye akakwambia zile milioni mia sasa zinagawanywa, hana kazi ya kukushawishi. Umekuwa ukiisubiri simu hiyo.

Na hali zetu mnazijua. Baa zilifungwa Machi, hoteli za Nyali na Bamburi zikabaki na walinzi, na kafyu ikaanza tarehe 27 Machi kuanzia saa moja jioni, saa ambayo sisi ndio kwanza tunaunganisha nyaya. Harusi za Shaabani, ambazo kila mwaka ndizo zinazotupitisha Ramadhani, zilifutika zote. Tukasema tungoje Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mfungo Mosi ukaingia Mji wa Kale wa Mombasa ukiwa umefungwa, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Katika kundi letu la watu saba, mpiga besi aliuza ampu yake, fundi mitambo akauza maspika mawili kati ya manne, na mwimbaji wetu akaweka karai la viazi mlangoni kwake. Wanaotuuliza mbona hatukuwa na akiba, wakumbuke kwamba mgao wa mrabaha uliozungumzwa nchi nzima mwaka 2019 ulikuwa shilingi 2,530 kwa mwanamuziki.

Alinipigia saa tatu na nusu usiku, kafyu imeshaanza, kila mtu yuko ndani na hakuna pa kwenda kuuliza. Sauti ya mtu mzima, maneno ya upole. Aliniita mwalimu. Alijua jina langu la usanii, alijua hoteli niliyokuwa nikipiga kinanda siku za Ijumaa, alijua hata kwamba mpiga besi wetu ana mkono wa kushoto. Yote hayo yamo katika mabango na video zetu wenyewe, tena na namba ya simu chini yake, tumezisambaza miaka yote tukitafuta kazi. Wakati ule hilo halikunijia. Nilijiambia mtu anayenijua hivi lazima ametoka ofisini.

"Mwalimu, jina lako limepita awamu ya kwanza. Kila msanii ni elfu hamsini. Orodha inafungwa kesho saa sita mchana."

Elfu hamsini. Nilikuja kuipigia hesabu kwenye karatasi baadaye, na nawaomba nanyi muipige: milioni 100 ukigawa kwa elfu 50 unapata watu 2,000, hawazidi. Mimi alinipa namba ya usajili 3,412. Mcheza ngoma mmoja wa Kwale alipewa 3,977 siku mbili baadaye. Laiti ningeshika kalamu usiku ule ule.

Ile 950 nayo haikutajwa ovyo. Mwezi ule wa Juni 2020, ukituma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 ulikuwa hukatwi kitu. Angeomba 1,050 ungeyaona makato, ungetulia kidogo, pengine ungemuuliza mkeo. Kwa 950 kidole kinapita tu. Tena aliyeibiwa 950 ni nadra aende polisi. Nauli ya kwenda na kurudi, na kutwa nzima kwenye benchi, anaona bora alale. Watu kumi na wanne tumeibiwa, na kabla yangu hakuna hata mmoja aliyeandikisha taarifa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, maana pesa pekee nisingezisumbukia hivi.

Nilisita kidogo. Nilimwambia sitatuma kwa namba ya mtu, anipe Paybill ya serikali, ile namba ya malipo ya ofisi. Hakukasirika. Alisema Paybill bado inafunguliwa, kwa hivyo wasanii wenyewe wamemchagua mweka hazina miongoni mwao, na nikianza kutuma nitaliona jina lake. Nikaanza kutuma. Likatokea jina la mwanamke ninayemfahamu. Ni mwimbaji, nimepiga naye harusi Likoni na Diani, mtu mwenye heshima zake, hajawahi kudhulumu mtu nauli. Nikabonyeza kukubali.

Wiki mbili zikapita kimya. Nikampigia yule dada kwa namba yake ya siku zote, nikiwa na hasira zangu, kumuuliza pesa zetu ziko wapi. Alilia kabla sijamaliza. Hakuwa mweka hazina wa chochote. Yeye alitapeliwa mwezi wa Mei. Alituma 950 yake kwa namba iliyotoa jina la mtu mwingine, akatuma kitambulisho mbele na nyuma, na picha ya uso wake akiwa amekishika kitambulisho kifuani, kwa kuwa aliambiwa ni ya "uhakiki". Sasa kuna laini inayotumika kwa jina lake ambayo hajawahi kuishika, na pesa zetu zilipita humo. Watu watatu walikuwa wamempigia kabla yangu wakimwita mwizi. Mmoja alimfuata hadi nyumbani akapiga kelele mlangoni, watoto wakisikia. Nilimwomba msamaha siku ile na namwomba tena hapa. Jina lake silitaji, ila wanaomjua wajue hana hatia.

Mnaelewa basi? Tukiona jina la mwenzetu tunatulia. Hilo ndilo analolivuna mtu huyu. Kila kitambulisho anachopewa kinamfungulia mlango wa msanii mwingine anayemfahamu mwenye nacho, na 950 ni nauli yake tu ya njiani. Na changu anacho. Ukija kutuma pesa za usajili wowote likatokea jina langu, si mimi. Ukiona jina la rafiki yako, mpigie rafiki yako kwa namba uliyonayo tangu zamani, usikie sauti yake, kabla hujaweka namba ya siri.

Baada ya 950 kuna hatua nyingine, na hazifanani kwa kila mtu. Mimi aliniomba 2,400 za "kufungua faili la benki" nikakataa, akanyamaza. Fundi mitambo mmoja wa Kisauni aliingizwa katika kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya sitini, kila saa mtu anashukuru kwamba elfu hamsini zake zimeingia na kubandika picha ya ujumbe wa M-Pesa. Alipozitazama vizuri picha zile, namba ya muamala ilikuwa moja katika picha nne tofauti. Alipouliza, akatolewa kwenye kundi. Mpiga ngoma mwingine, kijana mdogo, aliambiwa kama hana pesa atumie Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwa kuwa "msaada ukiingia deni litajilipa". Alitumia. Deni lipo, na kila anachotumiwa na nduguye kinaliwa kwanza na deni hilo.

Mzee mmoja mpiga zumari aliletewa ujumbe kwamba amepokea 50,000, halafu akapigiwa haraka haraka aambiwe zimeingia kimakosa mara mbili, arudishe nusu. Alikuwa na 7,000 za matibabu ya mkewe. Alizituma zote akiamini anatumia pesa za serikali. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huingia ukiwa na jina MPESA. Ule wake uliingia kutoka namba ya mtu. Mzee hasomi vizuri bila miwani, na miwani ilikuwa imevunjika. Nimekaa naye kibarazani kwake, amenieleza mara mbili na zote mbili alishindwa kumaliza. Ukiwa na mzazi au mwalimu wa ngoma wa umri huo, usimtumie tangazo hili tu. Nenda ukamsomee.

Pia kuna vijana wanaouza fomu za "msaada wa wasanii" kwenye saiba, shilingi 200, nyingine zina nembo ya serikali iliyochapishwa ikafifia. Sijapata ushahidi kwamba wanahusiana na mpiga simu huyu, kwa hivyo sisemi. Ninachosema ni kwamba tangazo la Aprili halikutaja ada yoyote, na nilipokwenda mwenyewe kuuliza ofisi ya utamaduni nilijibiwa kwamba kujiandikisha hakulipiwi na hakuna ofisa aliyetumwa kusajili watu kwa simu usiku. Ofisi hiyo ipo, mlango uko wazi mchana, vaa barakoa uende. Kama huwezi kufika, mtume mtu unayemwamini, lakini swali lako liende kwenye kaunta yenye mtu aliyekaa.

Najua wengine watasema serikali yenyewe imechelewa ndiyo maana watu wanaingia mtegoni. Ni kweli kwamba kati ya wasanii ninaowajua mimi, sijamwona aliyepata hata senti ya zile milioni mia mpaka leo. Msaada ukitangazwa kwa kishindo, kisha maelezo ya nani anafaa, anaomba wapi na analipwa vipi yakachelewa kumfikia mpiga ngoma wa Kwale, nafasi hiyo katikati mtu kama huyu anaijaza kwa maelezo yake. Wenye mamlaka wangepita kwenye redio zetu za Pwani wakaeleza kwa Kiswahili, taratibu, mara tatu kwa siku, wangemfungia kazi. Hilo nawaomba kwa moyo wangu wote. Lakini wizi ni wa mwizi, na wa kumkamata ni yeye.

Kwa waliokwisha tuma: kama ni leo leo, usingoje. Upeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe pesa zirudishwe. Aliyepokea akiwa bado hajazitoa, unaweza kuzipata. Akiwa amezitoa, hakuna cha kurudisha, na huyu hutoa ndani ya dakika chache. Kama laini yake ni ya Safaricom, ujumbe wake wa kitapeli upeleke 333. Kama ulimpa kitambulisho, nenda na kitambulisho chenyewe kwenye duka la kampuni ya simu, uulize laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako, usiyoitambua ifungwe ukiwa umesimama pale. Yule dada alifanya hivyo wiki iliyopita. Laini haikuwa moja, zilikuwa tatu. Kama ulimpa namba ya siri, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.

Halafu nenda kituo cha polisi uandikishe, hata kama ni 950. Mimi nimeandikisha na nina namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Nilipokwenda peke yangu waliniandika na kuniambia nisubiri. Tukienda kumi na wanne, na tarehe zetu, na jumbe zetu, na majina manne tofauti yaliyotokea kwenye simu zetu, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Usifute chochote kwenye simu. Hata kama mumeo au mkeo hajui na unaona haya, usifute. Nakusanya jumbe hizo, nitumie sanduku la ndani, sitalitaja jina la mtu.

Namba zake siziweki hapa, nimewaachia polisi. Tatu kati yake zilisajiliwa kwa jina la yule dada na sitaki mtu mwingine amfuate mlangoni.

Ile aliyonipigia mimi bado iko hewani. Jana saa nne asubuhi niliijaribu kwa laini ya jirani yangu, mama muuza samaki, nikamwachia yeye azungumze. Tapeli alipokea mlio wa pili, akamsikiliza kidogo, akamuuliza kwa upole: "Na wewe mama, unaimba au unacheza?"